Sonny Rollins na lile daraja: ni kweli ama hadithi za barazani?

mwanatudor
Assalam aleikum wadau. Nina saksafoni ya mtumba, tenori, mwezi wa nane huu najifunza, na naishi fleti ghorofa ya pili hapa Tudor, Mombasa. Sasa jirani wa mlango wa pili kajifungua, juzi mamake kaja kunigongea, kanambia kwa upole tu lakini niliona haya mpaka leo wiki ya pili haijatoka kwenye boksi. Rafikiangu kanihadithia eti Sonny Rollins, yule mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani, yalimkuta kama haya akaenda kupigia darajani miaka miwili. Kweli? Na mtu alishakuwa na jina vile aliacha kazi kwa nini?

mzee_wa_bendi
Wa aleikum salam mwanangu. Ni kweli kabisa. Yule alizaliwa Harlem, New York, 1930, wazazi wake asili yao visiwa vya Virgin kule Karibi, ndio maana ukisikiliza "St. Thomas" kwenye albamu ya 1956 wasikia kalipso, ni wimbo mamake alikuwa akimwimbia utotoni. Kufikia 1959 kila mtu yuwamsifu, lakini yeye akijisikiliza aona bado hajafika pale watu wanaposema kafika. Akashuka jukwaani. Nyumbani kwake Lower East Side jirani yake alikuwa mjamzito, akaona vibaya kumsumbua, na daraja la Williamsburg liko pale pale, treni zanguruma, chini mto na vyombo, puliza nguvu zako zote hakuna wa kukugongea. Mchana, usiku, baridi, mwenyewe alisema siku nyingine alifika masaa 15 au 16. Alirudi 1961, na 1962 akatoa albamu akaiita The Bridge, hakuweka piano, aliweka gitaa la Jim Hall.
Mimi nimepiga mahoteli ya huku pwani miaka mingi, nyimbo zile zile kila usiku, wageni wapiga makofi, mwisho wewe mwenyewe hujisikii tena. Kwa hivyo nikisoma habari ya lile daraja naelewa alikuwa akitafuta nini.

kijana_wa_likoni
mimi nlisikia aliacha sababu ya unga

mzee_wa_bendi
La, hapo usichanganye. Heroini alitibiwa Lexington, Kentucky, 1955, miaka minne kabla, akatoka akakaa Chicago akifanya kazi za mikono, halafu akaingia bendi ya Clifford Brown na Max Roach. Darajani alienda mtu mzima na akili zake. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu unga umenichukulia wenzangu wa bendi hapa hapa Mombasa na vijana bado wadhani ndio unaoleta ufundi. Rollins aliuacha na kazi yake kubwa ikaja baadaye.

mamake_wawili
Mwanatudor mimi nina mtoto wa miezi mitatu nakwambia ukweli, kinachotuudhi si sauti, ni kutojua itaanza saa ngapi. Mpelekee jirani hata chapati mbili umuulize mtoto alala saa ngapi. Jirani yangu yuwapiga udi kila baada ya asri na wangu kashazoea, wallahi sasa akinyamaza ndio aamka.

kijana_wa_likoni
na daraja la Nyali usijaribu, matatu na bodaboda hutajisikia hata wewe. nenda Mama Ngina asubuhi mapema kabla wauza mihogo hawajajaa, upepo wa bahari wakupa pumzi

mzee_wa_bendi
Mama Ngina pazuri ila chumvi! Ukimaliza pitisha kitambaa ndani mpaka pakauke, futa na vitufe vyote kwa nje, zile springi ndogo zikishika kutu huku kwetu kupata fundi ni taabu. Na anza na noti moja ndefu ndefu, nusu saa nzima, usikimbilie nyimbo.

mwanatudor
Shukran sana wote, mzee hasa. Kesho baada ya alfajiri naenda inshallah, na jioni nagonga kwa jirani. Mzee kitambaa cha pamba cha kawaida kinatosha?

mzee_wa_bendi
Chatosha. Kiwe kikavu tu.