Akidi ya mkutano mkuu wa chama cha wanazuoni: nusu ya wanachama ni sawa?

Mwanarasimu: Wakuu, tunaandika katiba ya chama cha wanazuoni, wanachama wametapakaa vyuoni Kenya na Tanzania, usajili tutafanyia Kenya. Rasimu inataka akidi (idadi ya chini ya wahudhuriaji ili mkutano uwe halali) ya nusu ya wanachama wote, na kamati tendaji nzima kuchaguliwa siku moja kila miaka mitatu. Kasoro iko wapi?

Daftari Safi: Mkuu, kasoro ya kwanza ni hiyo akidi. Mtu hujiunga mwaka wa kongamano ili apate punguzo la kiingilio, mwaka unaofuata halipi ada, ila jina linabaki daftarini. Ukiandika "wanachama wote", na huyo anahesabiwa. Mkutano unakwama, uongozi uliomaliza muda unaendelea kukaa, halafu benki inakataa kubadili watia saini kwa kuwa hakuna muhtasari halali wa uchaguzi.

Andikeni "wanachama hai", yaani waliolipa ada angalau siku 30 kabla ya mkutano. Akidi iwe moja ya tano yao. Isipotimia, mkutano urudiwe baada ya siku 14 na watakaofika watoshe, lakini kwa ajenda ile ile tu, na katiba isiguswe.

Bi Kumbukumbu: Naunga mkono, ila akidi ndogo nayo ina hatari. American Anthropological Association, chama cha wanaanthropolojia cha Marekani, mkutano wa Denver, Novemba 2015: azimio la kususia taasisi za kitaaluma za Israel lilipata kura 1,040 dhidi ya 136. Mwaka 2016 wanachama wote walipoulizwa, likaanguka kwa tofauti ya kura 39 tu, 2,423 kwa 2,384. (Mwaka 2023 lilirudishwa kwa wanachama wote, likapita.) Wenye nauli ya kufika ukumbini hawawakilishi chama kizima. Kwa hiyo katiba na maazimio mazito mkutano uyapendekeze tu, wanachama wote wayaamue kwa kura ya mtandaoni. Bajeti na ripoti ya mkaguzi ziishie ukumbini.

Kuhusu uchaguzi, msiwaondoe wote kwa mpigo. Modern Language Association, chama cha wasomi wa lugha na fasihi cha Marekani, huchagua makamu wa pili wa rais. Baadaye anapanda kuwa makamu wa kwanza, kisha rais. Akifika juu, mafaili anayajua. Nyie chagueni theluthi moja ya kamati kila mwaka, na mweka hazina asitoke mwaka mmoja na mwenyekiti.

Mwanarasimu: Shukrani. Mhariri wa jarida naye awe mjumbe wa kamati?

Daftari Safi: Ahudhurie bila kura. Kamati imteue kwa muda maalumu na impe bajeti, ila isiwe na sauti juu ya makala gani itoke. Mwenyekiti mwenye makala yake mkononi ni mtihani mkubwa. Anwani ya tovuti isajiliwe kwa barua pepe ya chama, si ya mhariri.

Jambo jingine: Sheria ya Vyama ya Kenya, Sura ya 108, hairuhusu kubadili katiba bila kibali cha maandishi cha Msajili wa Vyama. Kwa hiyo kiwango cha ada msikitaje kwenye katiba. Tajeni tu nani anakipanga.