SEO: inaharibu habari za mtandaoni, au tunaisingizia?

Mtoa mada:
Wakuu, kuhusu SEO, yaani kuandika ukurasa ili Google iuweke juu, msimamo wangu ni huu: habari ikishaanza kuandikwa kwa ajili ya Google, msomaji anavuliwa kama dagaa kwa karabai. Karibuni tubishane.

Januari, binti wa dada yangu anasubiri matokeo ya kidato cha nne. Tukagoogle. Wa kwanza kabisa: "Matokeo Kidato cha Nne Yametangazwa, Tazama Hapa". Kumbe hayajatoka. Aya ya kwanza inaeleza NECTA ni nini. Ya pili, kwamba ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Ya tatu, maana ya divisheni. Mtoto mikono inamtetemeka, bando linaliwa, na kule chini "bofya hapa" ikatupeleka kwenye matokeo ya mwaka uliopita. Ukurasa kama ule huandikwa mapema, ili siku yenyewe ikifika uwe umeshakaa juu. Simu hata moja hakuna aliyepiga.

Nimekaa dawati la mtandaoni miaka miwili, wapi sisemi. Asubuhi hatukuulizana mjini kuna nini. Tulifungua orodha ya maneno yanayotafutwa. Nilileta habari ya kata isiyo na maji, nimeshinda foleni na akina mama na madumu yao. Mhariri akaitazama: "Hii nani anaitafuta?" Ikapandishwa Jumapili saa tano usiku.

Mzee wa Kahawa:
Mkuu, kosa la mhariri wako unambambikia Google. Sisi tuliokulia kwenye magazeti tunakumbuka vichwa vya "Yametimia!", huelewi nani wala wapi. SEO imelazimisha watu kutaja jina, mahali na jambo. Mkulima wa Mbozi leo anatafuta bei ya kahawa na anakuta habari ya miezi sita nyuma. Gazeti la mwezi huo lilishafungia maandazi.

Dada Mhariri:
Na ujanja una mwisho. Februari 2011 Huffington Post, tovuti ya habari ya Marekani, waliandika ukurasa wa kujibu Super Bowl, ile fainali ya futiboli ya Kimarekani, inaanza saa ngapi, basi. Watu wakamiminika. Siku zile zile kampuni ya mtandao ya AOL wakatangaza kuinunua kwa dola milioni 315. Mwezi haujaisha, Google wakaleta Panda, badiliko la mfumo wao wa kupanga matokeo, kuzishusha tovuti za makapi. Leo ukiuliza saa ya mechi, Google inajibu yenyewe.

Mtoa mada:
Dada, hiyo Panda ina zaidi ya miaka kumi na matokeo hewa bado yako juu. Halafu angalia dawa ilivyogeuka: 2023 CNET, tovuti ya habari za teknolojia, walifuta maelfu ya makala zao za zamani ili tovuti ionekane mbichi machoni pa Google. Mzee wangu, mkulima wako ataikuta wapi hiyo bei ya miezi sita nyuma?

Ile yangu ya maji nimeitafuta juzi kwa jina la kata. Linki inanirudisha ukurasa wa mbele.