Hedhi nzito bila kupasuliwa tumbo: tupeane uzoefu

Bi Likoni: Assalam aleikum dada zangu. Kila mwenye ujuzi aweke hapa. Kipimo cha haraka: ukivaa pedi mpya Likoni, ukavuka feri, na kabla hujafika Kongowea (safari ya kama saa moja hapa Mombasa) imelowa yote; au siku zimepita 7; au mabonge yafika ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, hiyo imezidi.

Nesi Kisauni: Chanzo kwanza, tiba baadaye. Pima mimba, wingi wa damu mwilini, halafu skani. Aliyepita miaka 45 achukuliwe kipande cha utando wa ndani ya kizazi kipimwe, maana saratani nayo huanza hivi hivi.

Penye mkanganyiko mkubwa ni koili, kile kifaa cha uzazi wa mpango kinachowekwa ndani ya kizazi. Ya shaba huongeza damu! Inayotakiwa ni ya homoni, yenye miligramu 52 za levonorgestrel, inayofanya utando uwe mwembamba. Kuiweka ni dakika chache. Wengi huitoa mwezi wa pili kwa kuchoshwa na matone ya kila siku, na matone hayo hutulia baada ya miezi 3 hadi 6. Fibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani) ikiwa imeupinda mji wa mimba, koili huweza kuchomoka yenyewe, kwa hivyo papasa uzi wake ukeni kila baada ya hedhi.

Mfamasia: Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza damu: gramu 1 mara 3 kwa siku, siku zile nzito tu, zisizidi 4. Aliyewahi kugandwa na damu mguuni au mapafuni asiiguse. Vidonge vya madini ya chuma usivimeze na chai ya maziwa na mahamri, chai huyazuia madini. Meza kwa maji ya ndimu. Choo kitakuwa cheusi, usitishike.

Mkunga: Polipu (kinyama kilichoota kwenye utando wa kizazi) au fibroidi iliyochomoza ndani hukatwa kwa kamera nyembamba inayopitia ukeni, kovu hakuna. Kuchoma utando ni kwa aliyemaliza kuzaa, na bado atumie uzazi wa mpango: mimba ikiingia ni ya hatari. Kuziba mishipa inayolisha fibroidi hupitia mrija wa pajani au mkononi. Usiku wa kwanza huuma sana, panga dawa mapema.

Bi Likoni: Na anayetaka mtoto?

Mkunga: Asichomwe utando. Hata kuziba mishipa si chaguo la kwanza. Aulize fibroidi imekaa wapi: ndani, ukutani au nje. Ya nje kabisa mara nyingi siyo inayomwaga damu.