Eksirei "iko safi" lakini bado panauma: tupeane uzoefu wa kila kiungo kinavyodanganya

Gango
Wakuu, uzi huu ni wa wanaopiga, wanaosoma na wanaotibia kwa picha hizi. Stori za "nilianguka bafuni" tuziache, kila mtu alete kiungo anachokifahamu.

Naanza na kifundo cha mkono. Mtu akianguka akajikinga kwa kiganja, wengi hutazama mfupa mkubwa wa kigasha, wakiuona mzima wanamruhusu. Mwambie anyooshe dole gumba, utaona kishimo kinajitokeza kwenye shina lake, upande wa mgongo wa mkono. Kibonyeze. Pakiuma, mchukulie kuwa mfupa wa skafoidi (kimfupa cha kifundo kilicho chini ya kishimo hicho) una ufa hata kama picha haina kitu. Agiza picha za skafoidi zenyewe, mkono ukiwa umepindishwa upande wa kidole cha mwisho. Zikitoka safi, funga gango na urudie picha baada ya siku 10 hadi 14. Kufikia hapo kingo za ufa zimeshaanza kunyonywa na mstari hujitokeza. MRI (picha ya sumaku) ikipatikana, huna haja ya kusubiri.

Haraka ya kufunga inatokana na damu. Kwa sehemu kubwa mfupa huu hulishwa kuanzia upande wa vidole kurudi nyuma, hivyo ufa ukiachwa, kipande cha upande wa kigasha hukosa damu na kinaweza kufa.

Chumba cha Giza
Niongeze sababu. Mfupa hutoka mweupe kwa kuwa kalsiamu huzuia mionzi. Misuli, kano, ligamenti, damu na maji huipitisha karibu sawa, vyote vinatoka kijivu kimoja. Kwa hiyo ligamenti iliyokatika gotini au gegedu lililochanika havionekani vyenyewe. Unachowinda ni nyayo zake: nafasi iliyotanuka kati ya mifupa, au kijipande cha mfupa kilichong'olewa na ligamenti.

Mafuta ndiyo rafiki yetu maana hutoka meusi zaidi. Chukua picha ya kiwiko ya ubavuni, kimekunjwa nyuzi 90. Tazama nyuma kabisa ya ncha ya chini ya mfupa wa mkono wa juu. Pale hapatakiwi kuonekana kivuli cheusi cha mafuta. Ukikiona, ndani ya kiungo kuna damu au maji yaliyoyasukuma mafuta nje ya shimo lake. Kwa mtoto tafuta ufa juu tu ya kiwiko. Kwa mtu mzima, kichwa cha mfupa wa kigasha ulio upande wa gumba. Usipouona ufa, tibu kama upo. Ila kiwiko kikipigwa kimenyooka, alama hiyo haina maana, mafuta yanaweza kusukumwa na mfupa wenyewe.

Kasha la Risasi
Picha moja si picha. Angalau mbili, za pembe mraba. Bega lililotoka kwa nyuma, hasa baada ya kifafa au kupigwa na umeme, ukilipiga kwa mbele tu unaweza kuapa liko mahali pake. Piga ya kwapani. Na katikati ya unyayo, mgonjwa akiweza kusimama, mpige akiwa ameukanyagia. Akilala, mifupa iliyoachana hurudiana na jeraha linapotea machoni.

Mjukuu wa Mganga
Mbavu je? Na watoto?

Gango
Mbavu: nyufa nyingi hazionekani, na kuziona mara nyingi hakubadili matibabu. Picha ya kifua tunaipiga kutafuta hewa au damu iliyozunguka pafu. Watoto: sehemu ya mfupa inayokua ni gegedu, inatoka nyeusi kama pengo. Ikipasuka bila kusogea, picha inaweza kuwa safi kabisa. Kidole chako kinachobonyeza kina macho kuliko mashine.

Kichwa sitakigusa sana. Eksirei ya fuvu haionyeshi damu kwenye ubongo, hapo ni CT (picha za vipande vipande za kompyuta).

Kasha la Risasi
Tusisahau wakati wa kutopiga. Kifundo cha mguu kwa mtu mzima mwenye akili timamu: bonyeza ukingo wa nyuma wa kila kinundu cha mfupa, cha ndani na cha nje, sm 6 za mwisho, pamoja na ncha zake. Kama hapaumi na anaweza kutembea hatua 4, hata kwa kuchechemea, kifundo hakihitaji picha.

Chumba cha Giza
Vitu vilivyozama kwenye kidonda navyo. Kuna imani kwamba kioo hakionekani. Kinaonekana, hata kisicho na madini ya risasi, isipokuwa kiwe kidogo mno au kimejificha nyuma ya mfupa. Visivyoonekana ni mti, mwiba na plastiki nyingi, hivyo vitafute kwa ultrasaundi. Kabla ya kupiga, bandika kipande cha waya juu ya tundu la kidonda ujue pa kuanzia kuchimba.