Tupeane uzoefu: mawaridi yaliyozungushiwa ua wa vichaka vya kijani

#1 (mleta mada)
Wadau habari zenu, mwenye bustani ya mawaridi aliyoizungushia vile vichaka visivyopukutisha majani aje tupeane uzoefu, matamu na machungu. Naanza na mimi maana kosa langu nilikuwa naliona kila asubuhi nikifungua dirisha.

Nilikuwa na haraka, nataka bustani ijae kama kwenye picha, basi vichaka nikavibananisha na mawaridi, sentimita 30 tu shina kwa shina. Mwaka wa kwanza raha tupu. Mwaka wa pili mawaridi ya pembeni yakadumaa, maua vidogodogo, majani ya njano, mi najua ni njaa basi namwaga mbolea tu. Siku moja nachimba nitie samadi, jembe halizami, kumbe mizizi ya vichaka imesuka mkeka chini ya waridi, mbolea yote walikuwa wanakula wao! Ikabidi ning'oe mstari mzima nisogeze ndani, sasa nimeacha sentimita 80 hivi, na mara mojamoja napitisha sepetu hapo katikati nakata mizizi inayovuka mpaka.

#2
Pole mkuu. Mi mizizi haikunisumbua, ilinisumbua hewa. Ua niliuachia ukafika kifuani, kivuli mpaka saa tano asubuhi, umande haukauki kwenye majani, yakaanza madoa meusi yenye kingo kama zimechanwachanwa, kisha jani linakuwa njano linadondoka. Waridi likibaki shina na miiba tu hata mgeni unaona aibu kumpitisha. Nilipuliza dawa weee. Kilichosaidia ni kuushusha ua hadi magotini, kuokota majani yote yaliyodondoka (ugonjwa unajificha humo humo) na kumwagilia chini kwenye shina asubuhi, sio kuogeshea majani jioni. Waridi linataka angalau masaa 6 ya jua jamani, hapo hamna ujanja.

#3
Nyie mnalaumu vichaka, mi adui nilimlea mwenyewe 😂 Lilitoka tawi moja chini kabisa, refu, linakimbia kuliko mengine, nikawa najisifu nalo. Likaja kutoa viua vyeupe vidogo na waridi langu jekundu likafa kimya kimya. Kumbe limeunganishwa juu ya shina la waridi lingine na lile tawi lilikuwa la hilo shina la chini. Tawi likitokea chini ya kiungo (pale yalipounganishwa) fukua udongo ulinyofoe pale linapoanzia, ukilikata juujuu na mkasi linarudi na ndugu zake.

#4
Samadi mbichi nayo muitaje, mi iliniunguzia miche 4 ndani ya wiki mbili. Mpaka ioze kabisa iwe haina joto wala harufu kali.

Swali: wadudu mafuta kwenye vitumba mnawafanyaje? Na ua likinyauka mnakata wapi?

#1 (mleta mada)
@4 wadudu mafuta mi nawapiga maji ya nguvu na bomba, wakizidi maji ya sabuni kidogo, dawa kali sitaki inaua na wale wadudu kibibi wanaowala. Ua likinyauka shuka mpaka jani lenye vijani vitano, kata juu kidogo ya jicho (kile kivimbe kwenye tawi kinakochipulia tawi jipya) linalotazama nje, mkato uinamie upande wa pili maji yasituame kwenye jicho. Ukiacha jicho linalotazama ndani matawi yanakuja kukumbatiana katikati, halafu unarudi kwenye shida ya #2.