Je, ni haki kumlazimisha mgeni wa Rapa Nui atembee na mwenyeji?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Kisiwa cha Rapa Nui, ambacho wengi wetu tulikisoma shuleni kwa jina la Kisiwa cha Pasaka, kiko peke yake katika Bahari ya Pasifiki, takriban kilomita 3,500 kutoka pwani ya Chile, nchi inayokitawala tangu 1888. Kilipofunguliwa tena Agosti 2022, baada ya kufungwa zaidi ya miaka miwili kwa sababu ya UVIKO-19, lilikuja sharti kwamba mgeni asiingie katika maeneo mengi ya hifadhi ya taifa ya kisiwa hicho bila mwongoza watalii aliyeidhinishwa au mwenyeji wa kisiwani. Kabla ya hapo, sheria ya 2018 ilikuwa imepunguza muda wa mgeni kukaa kutoka siku 90 hadi 30.

Wanaopinga wanasema kwamba msafiri aliyejinyima miaka mingi ili apate nauli ya kufika huko ana haki ya kusimama kimya mbele ya moai, zile sanamu kubwa za mawe, bila mtu wa kumhimiza kwamba muda umekwisha. Hoja hiyo naiheshimu. Hata hivyo naliunga mkono sharti hili, na nitaanza na watu kabla ya mawe.

Mwaka 1862 na 1863 wateka watumwa kutoka Peru waliwabeba wenyeji kwa mamia, yakafuata maradhi, na ilipofika 1877 walikuwa wamesalia 111 tu. Baadaye karibu kisiwa chote kikafanywa shamba la kondoo, wenyeji wakabanwa katika mji wa Hanga Roa na kuzungushiwa ukuta, wasiweze kutoka bila ruhusa. Kampuni ya kondoo iliondoka 1953, kisiwa kikawa chini ya amri ya jeshi la wanamaji la Chile, na haki kamili za uraia zilipatikana 1966. Hii ina maana kwamba wapo wazee walio hai leo ambao utotoni mwao hawakuwa huru kwenda Anakena, ufuko ambao masimulizi yao yanasema ndipo aliposhukia mfalme wao wa kwanza, Hotu Matu'a. Watu wa namna hiyo, ambao jumuiya yao ya Ma'u Henua ilikabidhiwa usimamizi wa hifadhi mwaka 2017, wakimwambia mgeni "twende pamoja", mimi sioni dhuluma hapo.

Sasa mawe. Moai nyingi zilichongwa kwenye machimbo ya Rano Raraku, katika mwamba wa majivu ya volkano yaliyogandamana, ambao ni laini kuliko unavyoonekana pichani. Baadhi hazikumalizika: uso umekwisha kuchongwa, pua ndefu na midomo iliyobana, lakini mgongo bado umeshikana na mlima kwa ukanda mwembamba wa jiwe, kana kwamba fundi angerudi kesho yake. Mwaka 2008 mtalii mmoja alivunja sikio la moai pale Anakena ili aondoke na kipande. Oktoba 2022 moto ulipita Rano Raraku na kuziunguza sanamu kadhaa, na jiwe lililopasuka kwa moto halina tiba.

Kwa upande wa mgeni mwenyewe, naamini anafaidika zaidi. Ukifika Orongo, kijiji cha kale, peke yako, kwenye ukingo wa kreta ya Rano Kau, utaona vijumba vya mawe vyenye milango ya kuingilia kwa kutambaa, upige picha, uondoke. Mwenyeji atakuonyesha kisiwa kidogo cha Motu Nui kule chini, akueleze jinsi vijana walivyoshuka jabali lile na kuogelea hadi huko kutafuta yai la kwanza la ndege manutara, ili kiongozi wa aliyelipata apewe cheo cha mtu-ndege kwa mwaka huo. Hata jicho la moai la matumbawe meupe, lililopatikana Anakena mwaka 1978, liligunduliwa na mwanaakiolojia mzaliwa wa kisiwa, Sonia Haoa. Kabla ya hapo wataalamu wengi walidhani matundu yale ya macho yalikuwa matupu siku zote.

Jambo moja nakubaliana na wapinzani. Kanuni ya kwamba tiketi ya siku 10 inakuingiza Rano Raraku na Orongo mara moja tu inaumiza, kwa sababu mvua ya huko haina adabu, na anayekuta ukungu siku yake hana pa kulalamika. Hilo linaweza kurekebishwa bila kumwondoa mwongozaji.

Anayeona nimekosea naomba anijibu hili: iwapo mgeni ataachwa atembee peke yake, nani atamzuia anapounyoosha mkono kuligusa jiwe?