Tiba za nyumbani za chunusi, mba na ngozi korofi: tupeane uzoefu, iliyokuponya na iliyokuumbua

Mama Wawili Tabata
Habari za jioni wadau. Jana usiku nimemkuta binti yangu wa kidato cha tatu jikoni, kakoroga manjano na mtindi, kajipaka uso mzima na kwenda kulala. Asubuhi foronya ya njano, shuka la njano, hata mdogo wake anayelala naye ana alama shavuni. Nilitaka kufoka nikanywea, maana sisi wenyewe bwenini tulijipaka nini? Dawa ya meno, ute wa yai, majivu, majani ya mpera. Basi tupeane uzoefu. Chunusi, mba, fangasi, mabaka, vipele vya kinyozi, chochote. Ulipaka nini, na kikakufanya nini? Wauza vipodozi mpite mbali.

Kijogoo wa Mbagala
Naweka kambi hapa.

Mzee wa Kona
Mate ya asubuhi kabla hujapiga mswaki. Mengine yote ni kupoteza hela.

Ng'ambo Sitoki
Huku Unguja tumelelewa na liwa, ule mti wa kunukia. Bibi yangu alikuwa na jiwe lake, ole wako ulisagie kitu kingine. Unachukua kipande cha liwa, unakisugua juu ya jiwe na maji ya mawaridi kidogo kidogo mpaka utoke uji mzito. Unapaka, unaacha ikauke mpaka uso unabana, hata kucheka huwezi, halafu unaosha kwa maji baridi. Kaskazi ikishika joto, watoto wakiota harara shingoni na mgongoni, wanapakwa hiyo na usiku wanalala. Kwa harara siioni ya kuishinda. Kwa chunusi kubwa zile zenye usaha, niseme kweli, inapoza tu wekundu, haimalizi.
Lakini nunueni kipande, msinunue unga. Unga wa sokoni hujui umechanganywa nini. Na singo, ule mchanganyiko wa kujisugua, ni ya biharusi, ni ya mwili na harufu, mtu asije akajipaka singo usoni akasema Wazanzibari wamenidanganya.

Mtetemo
Hapo kwenye unga nakuunga mkono.

Baba Shiru
Huku Nairobi kila mtu ana aloe vera kwa mkebe nje ya mlango. Mimi ilinisaidia nikiwa nimechomwa na jua, kwa chunusi haikufanya kitu. Mke wangu naye ilimwasha vibaya sana, kumbe alikuwa anakata jani na kupaka hapo hapo. Ukikata, lisimamishe kwenye glasi kwanza, yale maji ya njano yatoke yote. Hayo ndiyo yanawasha. Halafu menya, upake ule ute wa ndani pekee.

Sista Mstaafu
Baba Shiru yuko sahihi. Mzee wa Kona hayuko sahihi. Mdomo wa asubuhi umejaa bakteria, unawapeleka kwenye kipele kilichopasuka ili iweje?

Mzee wa Kona
Ni bakteria wangu, tunafahamiana.

Sista Mstaafu
Haya, wakikugeuka usije hapa.

Mzee wa Kona
Sista, mimi nina miaka 61 na sina hata kovu. Weka picha yako na wewe tuone.

Mtetemo
Wazee wetu, taratibu jamani.

Dada Chumvi
Mmenikumbusha machungu, ngoja niyamwage.
Ilikuwa wiki ya send-off yangu. Kidevuni nilikuwa na chunusi chache tu, za ukubwa wa dengu. Shangazi yangu akashuka na basi kutoka Singida, hata mizigo haijafunguliwa akanishika kidevu, akasema hizi ni chunusi za kijicho, mwanangu, zisipotolewa utaolewa nazo. Jioni akatwanga kitunguu saumu kichwa kizima, akakamulia limao, akanibandika mashavu yote mawili na kidevu, halafu akanifunga kanga kuzunguka kichwa. "Lala hivyo mpaka alfajiri."
Ikaanza kuwasha. Nikamwambia shangazi inawasha, akasema ndiyo inavuta uchafu. Ikaanza kuuma. Akasema kijicho kinatoka. Usiku wa manane nilikuwa nahisi nimelalia pasi ya mkaa. Nilivua kanga mwenyewe gizani, na ngozi ikaondoka na kanga.
Asubuhi malengelenge, maji yanatiririka mpaka shingoni. Mama analia, baba anatafuta bodaboda, shangazi anasema nimeikatiza dawa kabla ya muda wake. Hospitalini daktari aliuliza kama nimemwagiwa maji ya moto. Nikamwambia kitunguu saumu, akaita wenzake waje kuona. Wakanipa ile dawa nyeupe ya kupaka mtu aliyeungua, na onyo la kukaa mbali na jua.
Jumamosi ikafika. Mpambaji alinitazama, akafunga sanduku lake. Nikaingia ukumbini na mtandio hadi machoni. Sasa upande wetu wakaanza kunong'onezana kwamba mchumba amenipiga. Upande wao wakasikia. Mjomba wake akasimama kabla hata keki haijakatwa akataka kikao cha wazee hapo hapo nyuma ya jukwaa. MC anapiga muziki juu juu kuficha kelele. Muda wote huo shangazi yuko meza kuu anasubiri ndafu.
Yale mabaka meusi yalichukua muda mrefu mno kuondoka. Picha zote za harusi nimegeuza uso.

Kijogoo wa Mbagala
Daaah.

Baba Shiru
Aki pole. Na huyo shangazi alisema nini mwishowe?

Dada Chumvi
Hajasema kitu mpaka leo. Juzi nimesikia anamshauri wifi yangu apake mafuta ya ganda la korosho kutoa makovu.

Mmakonde wa Newala
MWAMBIENI WIFI ASITHUBUTU. Sisi tumekulia kwenye mikorosho. Mafuta ya lile ganda yanaunguza, wanaobangua kwa mkono hujipaka majivu au mafuta vidoleni na bado ngozi inabambuka. Watu wanachanganya na mafuta ya korosho yenyewe, hivyo ni vitu viwili.

Mtetemo
Kwani ndafu ililiwa?

Mama Wawili Tabata
Jamani turudi kwenye mada. Ndimu je? Maana binti ana mpango nayo.

Sista Mstaafu
Mfiche ndimu. Ina asidi kali kuliko ngozi inavyohimili, na ukienda juani maji yake bado yapo usoni, unaungua na kuachwa na mabaka meusi kwa wiki au miezi. Anayetaka kuondoa weusi anaishia kuuongeza. Baking soda nayo ni kinyume cha asidi, inaharibu ile kinga ya asili ya ngozi. Asali haina ugomvi, ila ioshwe vizuri baadaye.

Kiuno Bila Mfupa
Mimi ndimu nimetumia miaka na ngozi iko safi. Kila ngozi na mwenyewe.

Ua la Msimbazi
Mnajitesa bure. Kuna krimu ya asili asilimia mia, imechanganywa na mitishamba, wiki moja uso unakuwa laini na mweupe. Njooni PM.

Mama Wawili Tabata
Nilisema wauza vipodozi mpite mbali.

Ng'ambo Sitoki
Mtishamba gani unaomfanya mtu awe mweupe kwa wiki moja? Huo ni mkorogo, bi dada. Usituone sote wa kuja.

Ua la Msimbazi
Wivu tu. Wateja wangu wanafurahi.

Mtu wa Duka la Dawa
Wanafurahi mwezi wa kwanza. Ndani ya hizo chupa zisizo na lebo mara nyingi kuna steroidi kali, haidrokwinoni ya kuchubua ngozi, hata zebaki. Steroidi inatuliza chunusi haraka, ndiyo maana mtu anaiamini. Akiacha zinarudi mara mbili, ngozi imekuwa nyembamba, mishipa inaonekana na michirizi inatokea. Na kama alikuwa na fangasi, inasambaa huku haionekani vizuri. Haidrokwinoni na zebaki kwenye vipodozi ni marufuku Tanzania na Kenya. Rwanda mwishoni mwa 2018 polisi walipita madukani kuzizoa.

Ua la Msimbazi
Yangu haina hivyo vitu.

Mtu wa Duka la Dawa
Andika hapa ina nini.

Mtetemo
Kimyaaa.

Kijogoo wa Mbagala
Wanaume tumesahauliwa. Mimi shida yangu ni vipele vya kinyozi nyuma ya shingo na kidevuni. Nimepaka shabu, nimepaka spiriti hadi machozi, nimepaka maji ya mwarobaini. Kilichonisaidia ni kuacha kunyoa kipara cha kioo. Nywele zetu zimejikunja, ukizikata chini sana zinapinda na kurudi ndani ya ngozi. Sasa namwambia kinyozi asiibonyeze mashine na asinyoe kinyume na nywele zinavyolala. Vimekwisha vyenyewe. Ndevu naacha kidogo.

Baba Shiru
Na kinyozi anakupaka spiriti huku anakupulizia na mdomo hahaha.

Mama Tunu
Mwarobaini kwa mapunye ya mwanangu nilichemsha, nikaosha, nikachemsha tena. Jirani akaleta mafuta ya taa nikakataa. Yanapungua, yanarudi.

Sista Mstaafu
Mapunye ya kichwani ni fangasi aliyeingia kwenye shina la nywele, cha kupaka peke yake hakimfikii. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, griseofulvini au nyingine atakayoandikiwa, kwa wiki kadhaa. Mwarobaini kuogea sikukatazi. Mafuta yake kumnywesha mtoto, hapana kabisa.

Kiuno Bila Mfupa
Mafuta ya nazi tu. Uso, nywele, mwili. Bibi alifika tisini.

Mtetemo
Mimi ya nazi yalinijaza chunusi paji zima la uso.

Ng'ambo Sitoki
Mwilini sawa, baada ya kuoga. Usoni kama una ngozi ya mafuta utajuta. Hata bibi zetu usoni walipaka liwa, si nazi.

Mtu wa Duka la Dawa
Mama Wawili, kwa binti wa umri huo: sabuni isiyo kali mara mbili kwa siku, asitumbue, na dawa ya kupaka ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, safu nyembamba usiku. Aipe wiki sita hadi nane. Ila nayo inachujua rangi ya vitambaa, kwa hiyo foronya haina pa kukimbilia. Zikiwa kubwa na za kuacha makovu, daktari wa ngozi. Walio Kaskazini, pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, ndiko ilikoanza kutengenezwa losheni ya jua ya Kilisun kwa ndugu zetu wenye ualbino.

Mama Wawili Tabata
Asante. Nitanunua na foronya nyeusi basi.

Kijogoo wa Mbagala
Na magaga ya miguu? Au hayo yana uzi wake?

Mzee wa Kona
Mate.

Sista Mstaafu
Naomba mtu anizuie.

Mtetemo
Dada Chumvi, ndafu hujajibu.

Dada Chumvi
Ililiwa. Kichwa alibeba shangazi.